Jina la Tovuti Yako Limeandikwa kwa Nani?

Mtu anunuapo shamba, swali la kwanza aulizwalo na wazee wake ni hili: Hati iko wapi, na imeandikwa kwa jina la nani? Hakuna mzee mwenye busara atakayekubali fedha zitoke mfukoni mwa jamaa zake kisha hati ibaki mikononi mwa dalali. Lakini jambo lile lile tulikataalo katika mashamba na nyumba, twalikubali kila siku katika kitu kingine ambacho siku hizi kimekuwa na thamani kubwa, nacho ni jina la tovuti.

Leo madrasa ina tovuti ya kupokelea maombi ya wanafunzi. Duka la vitambaa lina tovuti ya kuonyesha bidhaa zake. Chama cha kusaidiana katika misiba kina tovuti ya kutangazia michango. Jina la tovuti huandikwa juu ya mlango wa duka, katika stakabadhi na katika kadi za mwaliko, na tena ndilo libebalo anwani za barua pepe za ofisi. Likipotea jina hilo, kinachopotea si ukurasa mmoja tu. Barua hukoma kufika, wateja hubisha mlango usiofunguliwa, na mara nyingine mtu asiyejulikana huingia katika jina lile akakusanya fedha za watu kwa heshima iliyojengwa na wengine.

Basi twapenda kuwaeleza wazazi na vijana mashimo ambayo watu hutumbukia wanapoandikisha jina la namna hii. Ni mengi, lakini ukiyachungua utaona kuwa karibu yote yarudi katika maswali mawili: Limeandikwa kwa nani? Na muda wake unakwisha lini?

JINA HILI NI KITU GANI?

Kompyuta hazijuani kwa majina. Zajuana kwa tarakimu. Kila kompyuta iliyo katika intaneti ina tarakimu zake, nasi wanadamu hatuwezi kuzihifadhi tarakimu hizo vichwani. Kwa hiyo tukawekewa majina. Hapo mwanzo majina yote yaliandikwa katika daftari moja lililotunzwa California, Marekani, na kila mwenye kompyuta alilinakili daftari hilo. Kompyuta zilipoongezeka daftari likashindwa kazi. Mwaka 1983 mtaalamu mmoja aitwaye Paul Mockapetris akatunga utaratibu mpya, nao ndio utumikao hata leo: jina hugawanywa kwa nukta, na kila sehemu ina mtunzaji wake. Jina la namna hii huitwa jina la kikoa, na wengi hulitaja kwa neno la kigeni, domeni.

Jina hili husomwa kama nasaba, yaani Ali bin Juma bin Hamisi. Aliye mwisho ndiye babu. Katika jina liishialo kwa co.tz, tz ni babu, nayo ni alama ya Tanzania. Co ni baba, nayo ni alama ya biashara. Na neno litangulialo hayo, ambalo wewe mwenyewe umelichagua, ndilo mtoto. Kadhalika ke ni ya Kenya, ug ni ya Uganda, na om ni ya Oman. Yako pia majina yasiyofungamana na nchi yoyote, na maarufu kupita yote ni com. Jina la kwanza la com liliandikishwa tarehe 15 Machi 1985.

Miaka ya mwanzo kuandikisha hakukuwa na malipo. Ada ilianza mwaka 1995, nayo ilikuwa dola 50 kwa mwaka. Mwaka 1998 kikaundwa chombo kiitwacho ICANN, ambacho makao yake yako California, ili kisimamie utaratibu wa majina ulimwenguni.

Sasa yapasa kuwafahamu watu watatu. Wa kwanza ni mtunza daftari, yaani yule anayetunza orodha kuu ya mwishio mmoja. Mathalan, kwa majina ya ke mtunza daftari ni KeNIC ya Nairobi. Wa pili ni msajili, nayo ni kampuni iliyopewa ruhusa ya kuwaandikia watu majina na kupokea ada. Wa tatu ni mwenye jina, yaani wewe. Aghalabu wewe na mtunza daftari hamwonani. Msajili ndiye asimamaye katikati.

Na jambo la kukumbuka kuliko yote ni kuwa jina halinunuliwi likawa lako milele. Hukodishwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwa majina kama com hairuhusiwi kulipia zaidi ya miaka 10 kwa mara moja. Asemaye "nimenunua jina" amesema kama mpangaji asemaye "nimenunua chumba" kwa sababu amelipa kodi ya mwaka.

LIMEANDIKWA KWA NANI?

Tuseme wazazi wa madrasa fulani wanaye kijana hodari wa kompyuta. Wanamwomba awatengenezee tovuti. Kijana kwa moyo mwema anaandikisha jina usiku ule ule, akitumia jina lake, barua pepe yake, simu yake na fedha zake. Tovuti inapendeza, na kila mtu anamshukuru. Baada ya miaka mitatu kijana anapata kazi Oman, anabadili simu, na ile barua pepe ya zamani anaiacha. Msajili anapeleka ukumbusho kuwa muda unakwisha. Ukumbusho unakwenda katika sanduku lisilofunguliwa na mtu. Siku moja tovuti inazimika. Hapa hapana mwizi wala mdanganyifu, wala huwezi kumlaumu kijana aliyefanya wema. Lakini jina limepotea, na wenye madrasa hawana hata karatasi moja ya kuonyesha kuwa lilikuwa lao, kwa maana katika daftari halikuwa lao.

Wapo pia wasio na moyo kama huo. Fundi anaandikisha jina la duka kwa jina lake mwenyewe bila ya kumwambia mwenye duka. Siku wanapokosana juu ya ujira, fundi anasema: "Jina ni langu; ukilitaka, lipa." Na daftari linamshuhudia yeye.

Kisa mashuhuri cha mambo haya kilitokea Marekani. Mwaka 1994 mtu mmoja aitwaye Gary Kremen aliandikisha jina ambalo halifai kutajwa katika kurasa za jamaa. Mwaka 1995 mtu mwingine alipeleka barua ya kughushi kwa msajili, barua iliyojifanya kutoka katika kampuni ya Kremen, ikisema kwamba kampuni imeliacha jina na kumpa huyo mtu. Msajili hakupiga simu kuuliza, alilihamisha. Kremen alihangaika mahakamani miaka mingi. Mwaka 2000 mahakama iliamuru arudishiwe jina, na mwaka uliofuata aliyemdhulumu akahukumiwa kulipa dola milioni 65, naye akakimbilia Mexico. Mwaka 2003 mahakama ya rufani ikaamua kwamba jina la namna hii ni mali, na msajili anayelitoa kwa mtu asiye mwenyewe aweza kudaiwa. Kremen alishinda, lakini alishinda kwa sababu moja: jina lake lilikuwa limo daftarini. Asiyekuwamo daftarini ataanzia wapi?

Sisi Waislamu tunajua kuwa aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, nayo ni ya 282 ya Sura al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Kuandika si dalili ya kutoaminiana. Ni kinga ya udugu usiharibike. Basi kijana asione haya kuambiwa, "Mwanangu, andika kwa jina la chama," wala mzee asiogope kulisema neno hilo.

Njia iliyo salama ni hii. Jina liandikwe kwa mwenye shughuli: duka kwa jina la mwenye duka au kampuni yake, chama kwa jina la chama kama lilivyo katika cheti chake. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi, asipewe umiliki. Neno la siri la kuingilia kwa msajili lijulikane na watu wawili wanaoaminika, nalo lisiwe katika simu ya mtu mmoja peke yake. Na barua pepe itakayoandikwa kwa msajili isiwe ile inayobebwa na jina lenyewe. Wengi hukosa hapa. Jina likizimika, barua pepe yake nayo huzimika. Basi utapokeaje onyo kupitia mlango uliokwisha kufungwa? Tumia barua pepe nyingine isiyotegemea jina hilo.

Tena, kwa majina kama com na org, msajili hupeleka barua ya kuhakikisha kuwa barua pepe yako ni ya kweli. Usipoijibu kwa siku 15, aweza kulisimamisha jina lako hata kama umelipa. Kwa hiyo asiyeandika anwani ya kweli, kwa uvivu au kwa kuficha, anajichimbia shimo mwenyewe.

MUDA UNAKWISHA LINI?

Msidhani kuwa wasahaulifu ni watu wadogo tu. Mwishoni mwa Desemba 1999, kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia jina passport.com, ambalo watu walilipitia ili wafungue barua zao za Hotmail. Watu wengi wakashindwa kuingia. Aliyelitambua kosa ni fundi mmoja wa programu wa Marekani, asiyekuwa mfanyakazi wa Microsoft. Alilipa dola 35 kwa fedha zake, na huduma ikarudi. Mwaka 2003 kampuni hiyo hiyo ikasahau jina lake la hotmail.co.uk huko Uingereza, na mtu mwingine akaliandikisha, naye akalirudisha. Microsoft ilibahatika kukutana na waungwana. Duka la mtaani lisitumaini bahati hiyo, kwa kuwa kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuvizia majina yanayokwisha muda, na hutumia programu zinazolinyakua jina mara tu linapoachiwa.

Ni vema kujua jina hufa vipi. Kwa majina ya com na yanayofanana nayo, msajili anatakiwa kukukumbusha kiasi cha mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, na tena kiasi cha wiki moja kabla. Muda ukipita, mara nyingi zipo siku chache za huruma, zisizozidi 45, ambazo waweza kulipa ada ya kawaida. Lakini msajili aweza kuzifupisha, basi usizitegemee. Kisha hufuata siku 30 za kukomboa, na hapo hutozwa fedha nyingi kuliko ada. Mwisho ni siku 5 ambazo hakuna awezaye kufanya lolote, halafu jina huwa huru kwa yeyote aliyetangulia. Majina ya nchi, kama tz na ke, yana kanuni zake zenyewe. Msomaji na amwulize msajili wake siku ile ile anapoandikisha.

Hapa pana mtego mwingine. Kwa miaka mingi daftari la majina lilikuwa wazi kwa kila mtu kusoma, na wajanja wakaokota humo majina na anwani. Kisha huwapelekea watu barua zilizotengenezwa zifanane na hati ya madai: "Jina lako linakwisha, lipa sasa." Mtu akilipa, hajui kwamba amelihamisha jina kwa kampuni nyingine yenye ada kubwa zaidi. Mwaka 2003 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliishtaki mahakamani kampuni moja iliyofanya hayo. Barua za namna hiyo hazijakoma, na siku hizi huja kwa barua pepe. Dawa yake ni nyepesi: mjue msajili wako kwa jina, wala usilipe kwa kubonyeza ndani ya barua. Ingia mwenyewe katika tovuti ya msajili, utazame tarehe kwa macho yako.

KITU CHA BURE

Vijana hupenda kuuliza: Kwa nini tulipe, na majina ya bure yapo? Yalikuwapo, na khabari yake yatosha kuwa fundisho. Kampuni iitwayo Freenom, ya Uholanzi, ilikuwa ikigawa bure majina yaishiayo kwa tk ya Tokelau, ml ya Mali, ga ya Gabon, cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na gq ya Guinea ya Ikweta. Mamilioni ya watu walichukua, na miongoni mwao wadanganyifu wengi. Lakini katika masharti yake, mwenye jina la bure hakuwa mchukuaji. Mwenyewe alikuwa kampuni, na mchukuaji alipewa ruhusa ya kulitumia tu. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilipoishtaki Freenom, ugawaji ulisimama. Mwaka huo huo Gabon na Mali zikachukua usimamizi wa majina yao. Mwaka 2024 Freenom ikatangaza kuacha biashara hiyo. Waliojenga maduka na madarasa yao juu ya majina yale wakabaki bila ya daftari la kuwatetea. Tumerudi pale pale: Limeandikwa kwa nani?

Tofautisha pia kati ya bure na rahisi. Wasajili wengi hutangaza bei ndogo sana kwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili bei hupanda mara kadhaa. Hilo si wizi, kwa kuwa limeandikwa. Ila limeandikwa kwa herufi ndogo. Uliza ada ya mwaka wa pili kabla ya kulipa ya kwanza. Uliza tena ada ya kukomboa, na kama kuhamia kwa msajili mwingine kuna malipo.

Na msajili mwenyewe aweza kuanguka. Mwaka 2007 msajili mmoja wa Marekani aliyeitwa RegisterFly alivurugika. Wateja walilipa na majina yao hayakulipiwa, na ICANN ikamwondolea ruhusa. Baada ya msiba huo wasajili wa majina ya com na mengineyo wakalazimishwa kuweka nakala ya daftari lao kwa mtunzaji mwingine. Basi chagua msajili mwenye ruhusa ya kweli. Watunza daftari, kama KeNIC, hutangaza orodha ya wasajili waliowakubali. Anza na orodha hiyo.

CHAGUA BABU WA JINA LAKO

Tulisema kuwa mwishio wa jina ni kama babu katika nasaba. Msiba ukimpata babu, wajukuu hawasalimiki. Zaire ilikuwa na mwishio wa zr. Nchi ilipobadili jina mwaka 1997 ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwishio mpya wa cd ukaletwa, na ule wa zr ukafutwa mwaka 2001. Yugoslavia iliposambaratika, mwishio wake wa yu uliendelea kwa muda, ukaondolewa mwaka 2010. Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya, wakaaji wake wakapoteza haki ya majina ya eu, na mwanzoni mwa mwaka 2021 makumi ya maelfu ya majina yakasimamishwa.

Tena kila mwishio wa nchi una sheria ya nchi hiyo. Wafanya biashara wengi wa Marekani walipenda mwishio wa ly kwa sababu humalizia maneno ya Kiingereza vizuri, wakasahau kwamba ni wa Libya. Mwaka 2010 tovuti moja yenye mwishio huo ilifungwa, na watunza daftari wa Libya wakaeleza kuwa yaliyomo hayakupatana na sheria za nchi na za Kiislamu. Mwenye tovuti alilalamika. Lakini aliyeingia nyumba ya watu huyafuata masharti ya wenye nyumba. Kwa hiyo, ikiwa shughuli yako iko Tanzania au Kenya, mwishio wa nchi yako una faida: sheria waijua, na ofisi ya kulalamikia haiko mbali. Ikiwa wateja wako wako nchi nyingi, com au org zafaa. Ama mwishio uliochaguliwa kwa sababu ya mtindo tu, tazama kwanza ni wa nani.

HERUFI NA MAANA

Jina lenyewe laweza kuwa na herufi za kilatini, tarakimu na kistari, na kila sehemu haizidi herufi 63. Lakini kuruhusiwa si kufaa. Jina jema ni lile ambalo mtu akilisikia redioni aweza kuliandika bila ya kuuliza. Na hapa Waswahili tuna mtihani wetu wenyewe. Mmoja huandika heri, mwingine kheri. Mmoja shehe, mwingine sheikh. Huyu Ramadhani, yule Ramadan. Mwenye duka la "Kheri" na ajue kuwa nusu ya wateja wake wataandika "heri". Ama achague neno lisilo na ubishi, ama aandikishe namna zote mbili. Vistari navyo vyasahaulika, na maneno mengi yaliyounganishwa husomwa vingine. Liandike jina katika karatasi bila ya nafasi, umpe mtoto alisome, akikwama, libadili.

Herufi moja si jambo dogo. Jeshi la Marekani hutumia mwishio wa mil, na Mali hutumia ml. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba kwa miaka mingi barua za jeshi hilo zilikuwa zikipotelea Mali kwa sababu waandishi waliiacha herufi i. Kama jeshi lenye mali zote zile laweza kupotewa hivyo, basi wateja wa duka hawataacha kukosea.

Usichukue jina la mwenzio. Mwaka 1994 mwandishi wa magazeti Joshua Quittner aliandikisha mcdonalds.com, na kampuni yenye jina hilo ikalipata baada ya kutoa dola 3,500 za vifaa vya kompyuta kwa shule moja ya New York. Zamani hizo jambo hilo lilichekesha. Tangu mwaka 1999 kuna kanuni ya ulimwengu ya kuamua mashauri ya namna hii: mlalamikaji akithibitisha kuwa jina lafanana na alama yake ya biashara, kwamba mwenye kuliandikisha hana haki nalo, na kwamba aliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya, basi jina hunyang'anywa. Hata mwenye haki apata taabu. Bwana Uzi Nissan, aliyeitwa hivyo kwa ukoo wake, aliandikisha nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. Kampuni ya magari ikamshtaki mwaka 1999, na shauri likadumu miaka mingi. Alibaki na jina, lakini kwa gharama kubwa. Kwa hiyo tafuta kwanza kama jina ulitakalo lina mwenyewe katika daftari la alama za biashara, si katika daftari la tovuti peke yake.

NENO "HALALI" NI LA NANI?

Swali la "ni la nani" limetufika hata sisi Waislamu wote pamoja. Mwaka 2012, ICANN ilipofungua mlango wa miishio mipya, kampuni moja ya Istanbul, Uturuki, iitwayo Asia Green IT System, iliomba iwe mtunza daftari wa miishio miwili: islam na halal. Umoja wa Falme za Kiarabu ukapinga, na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, yenye nchi wanachama 57, nayo ikapinga. Hoja yao ilikuwa kwamba maneno hayo ni ya umma mzima, na haifai kampuni moja iyasimamie bila ya ridhaa ya jamii. Kampuni ilijibu kuwa imefuata kanuni zote zilizowekwa. Shauri lilivutana miaka sita, na mwezi wa Oktoba 2018 ICANN ikayakataa maombi yote mawili.

Msomaji aweza kuegemea upande wowote, lakini funzo ni moja. Lau serikali na majopo ya waamuzi yamegombania miaka sita nani aandikwe mbele ya neno moja, je, sisi tuwezeje kuliacha jina la madrasa yetu liandikwe kwa yeyote aliyekuwa na kompyuta siku ile?

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Nimegundua kuwa jina la duka langu limeandikwa kwa fundi wangu. Nifanye nini?

Jibu: Mwendee sasa, mkiwa mngali wapenzi. Mwombe alibadili liwe kwa jina lako, au akupe namba ya siri ya kuhamisha jina uliweke kwa msajili wako. Mlipe gharama zake, muandikiane. Kumbuka kuwa jina la com lililoandikishwa upya haliwezi kuhamishwa kwa msajili mwingine kabla ya siku 60.

Swali: Nikilipa miaka 10 kwa pamoja, si nimesalimika?

Jibu: Umepata nafasi, hukupata usalama. Katika miaka 10 simu hubadilika, barua pepe huachwa, na watu hufariki dunia. Tazama maandishi yako kila mwaka hata kama hakuna la kulipa.

Swali: Nimepata jina zuri lililo huru. Je, nisubiri mpaka tovuti iwe tayari?

Jibu: Usisubiri. Hata kulitafutatafuta tu kwaweza kuwa na madhara: mwaka 2008 msajili mmoja mkubwa wa Marekani alikuwa akiyazuia kwa siku kadhaa majina ambayo watu wameyauliza kwake, ili wasiende kwa mwingine. Ukiisha kuamua, andikisha siku hiyo hiyo.

Swali: Mzee wetu amefariki, na jina la biashara liko kwake. Je?

Jibu: Jina nalo limo katika yale aliyoyaacha. Warithi wamwendee msajili wakiwa na hati za mirathi kabla ya muda kwisha. Lakini kheri ni mwenye jina kuandika akiwa hai, katika wasia wake, msajili ni nani na maneno ya siri yako wapi.

Mwisho, wazazi na vijana, kazi yenyewe si kubwa. Chukueni daftari la nyumbani lile muandikalo karo za watoto na madeni. Andikeni mistari mitano: jina, msajili, limeandikwa kwa nani, barua pepe na simu zilizoko kwa msajili, na tarehe ya mwisho. Kijana afungue kompyuta, mzee asome kwa sauti, na yasiyolingana yasahihishwe kabla ya kulala. Kisha ile tarehe ya mwisho, itieni mviringo katika kalenda ya ukutani mwezi mmoja kabla haijafika.